Hata kama lina paa, chini si ni maji?

Matungu, Alhamisi, Oktoba ndiyo inaanza. Mvua ya alasiri imekuja mapema, tena ya mawe, na kelele za mabati zimetunyamazisha mimi na mama mkwe hapa jikoni. Sasa kumetulia. Moyo wangu ndio haujatulia.

Leo wamekata miwa ya Makokha.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Makokha ni mume wangu. Alikuwa fundi wa matrekta, mimi ni mpiga picha, na studio yangu iko Kakamega mjini. Presha ilimchukua Aprili, asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Tulimzika hapa kwao na tangu siku hiyo sijarudi mjini. Kati ya boma hili na studio yangu kuna mto, na huku mjane havuki mto mpaka wazee wakae, wale chakula, wamfungue mwiko huo. Nimesoma, kanisani naenda, na bado sijavuka. Sitaki siku moja mtoto wa mtu akiugua niangaliwe mimi.

Sasa nieleze habari ya miwa. Miwa ile tuliipanda kwa ajili ya majani.

Miaka hii kila mtu anapanda miwa. Watu wameng'oa mpaka mahindi ya kula. Huyu anasema atajenga nyumba ya matofali, yule atanunua pikipiki. Makokha akasema ikivunwa sisi tutaenda Marekani kuangalia majani yakibadilika rangi. Ndugu zake walicheka mpaka wakakaa chini.

Yote yalianza na kalenda, ile ya duka la mbolea. Mwezi mmoja ulikuwa na picha ya daraja la mbao lenye kuta na paa, kama ghala lililowekwa juu ya mto, na pande zote miti myekundu. Yeye alishikwa na daraja. Alikuwa anasimama mbele ya kalenda na chai yake, anauliza mtu anajengeaje daraja nyumba halafu halali ndani. Mimi nilishikwa na rangi. Huku kwetu majani hayana msimu wa kuanguka pamoja. Hili likianguka, lile linachipuka, na miti inabaki kijani mwaka mzima.

Binamu yangu Lilian anaishi huko, Vermont, ni muuguzi. Akawa macho yetu. Alitutumia habari za vilima vinavyoanza kugeuka na vinavyochelewa, na barabara ambazo gari dogo linapita. Tulipanga kuamka kabla ya ukungu kuondoka mtoni. Kazi ya Makokha ingekuwa kubeba stendi ya kamera na kushika chai yangu. Viza tulipewa siku moja, na tukatoka pale Nairobi tumeshikana mikono mchana kweupe kama watoto wa shule.

Tulipogombana ni kwenye picha yenyewe. Yeye alitaka nipige ndani ya daraja, ile mihimili na vile vigingi vya mbao. Mimi nilitaka nje, kutoka chini mtoni, majani yaonekane. Tuligombana kweli, siyo mchezo, mpaka akaenda kulala kwenye kiti. Hatukuwahi kuyamaliza.

Mwezi wa Juni nilimtania mama mkwe. Nilimwambia, Mama, madaraja yangu mimi yana paa, labda hayo naruhusiwa. Alikuwa anachambua kunde. Alifikiria kwa makini kabisa, kisha akasema, "Hata kama lina paa, mwanangu, chini si ni maji?"

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na tulimalizia kwa kulia.

Kikao cha kunifungua kilihitaji ng'ombe na chakula cha watu, na hivyo vyote vilikuwa vitoke kwenye miwa. Miwa nayo ilikuwa inangoja wakataji. Yote ya huku imekomaa pamoja, wakataji wanabembelezwa, matrela yamepanga foleni barabarani mpaka madereva wanapika hapo hapo. Shemeji yangu Were alichoka kwenda ofisi ya kiwanda cha sukari. Miwa ikatoa maua, ikaanza kulala. Watu walinipa pole: jamani, utachelewa majani yako.

Nami nilikuwa naitikia asante.

Ukweli ni kwamba sikuwa na haraka. Kila jioni nilikaa na simu nikasoma ni kilima kipi kimegeuka, nikabadilisha njia, nikaongeza daraja hapa, nikatoa pale. Nikabishana na Makokha habari ya ndani na nje. Nilimjibu kwa sauti, na mama mkwe akajifanya hasikii. Maadamu nilikuwa sivuki, safari ilikuwa bado yetu wawili. Kuna siku nilisikia trekta likija upande wetu nikaomba liharibike. Mungu anisamehe, lakini niliomba.

Leo halikuharibika. Wakataji walifika na umande, na kufikia mchana trela la mwisho lilikuwa limeondoka. Shamba limebaki wazi, naona mpaka nyumba za ng'ambo ambazo zilikuwa zimefichwa. Were alikuja anacheka, mikono ina masizi ya miwa, akasema mwenye ng'ombe atangoja pesa za kiwanda, wazee watakaa Jumamosi.

Mama mkwe alinishika mkono. "Jumamosi tukimaliza, uende. Mtoto wangu alikuwa anataka kuona hiyo kitu. Si uende umwonee?"

Nilisema ndiyo, Mama. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia kwa wema wake. Angenikataza ningekaa hapa mwaka mwingine, nikipanga tu. Yeye amemzaa, na ameweza kuniachilia. Mimi nimeshindwa kumwachilia mtu aliyekwisha kwenda.

Nilipotulia nilimwandikia Lilian kwamba nimepata ruhusa. Alijibu upesi. Upande wa kusini majani bado yako, na kuna mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na mto ambaye anaweza kuniwekea chumba. Halafu akauliza, kama sisi wote tunavyouliza bila kufikiri: "Mko wangapi?"

Lilian anajua. Alilia nami kwenye simu siku ile ya Aprili. Ni mdomo tu umezoea.

Nimeandika, nikatuma, ndipo nikasoma nilichoandika.

Tuko mmoja.

Nimeiangalia muda mrefu. Sitaisahihisha.