Filamu ya Kwanza ya Elarif

Moroni, Machi 1979

Mdogo wangu Sittina,

Salamu kwako na kwa wote wa Mutsamudu. Vanila uliyotuma imefika. Mke wangu Roukia anashukuru. Mimi ni mzima, ila magoti yamechoka na njia ya kambini.

Mwanao Elarif alikuwa akijifunza kupiga picha. Ijumaa alipiga picha harusini, na nyuma ya bwana harusi walisimama mamluki wa Kizungu. Walimchukua yeye na kamera hadi kambini kwao. Kila asubuhi naenda kumwulizia. Jana askari wa langoni, Mngazidja mwenzetu, alicheka: "Fundi, humu akina Elarif ni wengi. Mpiga picha mzima hana picha yake? Ilete, nitamtafuta."

Nikaipeleka filamu yake ya kwanza, iliyobaki nyumbani, ikasafishwe. Anayeanza huambiwa aweke jua mgongoni, lakini jua likishuka, kivuli chake hutangulia mbele. Hilo alikuwa hajalijua. Katika picha zote tumo mimi na Roukia. Yeye ni kivuli tu miguuni petu.

Nitumie picha yake yoyote yenye uso, hata ya utotoni. Nitawaeleza kwamba amekua.

Kaka yako,
Moindjié