Sketi za "Tunafunga"

3 Machi

Mwanangu Chapuchapu,

Hujambo? Baridi ya huko haijakula masikio? Mimi mzima, mguu tu unauma.

Mwenzio nimeshikwa pabaya. Waziri wetu alikutana na wakubwa wa nchi hiyo uliyopo, akatoka redioni anajisifu: "Na hawa tunafunga!" Alimaanisha mkataba. Watu wa forodha wakasikia tunafunga mpaka! Wakafunga geti la mizigo inayoingia. Wa huko wakanuna, wakaapa zipu zao hatuzipati ng'o. Lakini pamba yetu wanaichukua kila siku kwa bei ileile ya kutupa. Hiyo hawakuinunia!

Nina sketi mia mbili za shule za kukabidhi tarehe kumi na nane, na zipu kumi na moja. Nikishindwa, karakana yangu ya kushona basi tena. Wewe si unatengeneza hizo zipu hapo kiwandani? Nifanyie mpango, hata gunia moja.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Mguu vipi? Mimi sijambo.

Gunia la zipu nilipitishe wapi, ndani ya soksi? Hapa zimejaa mpaka tunazikalia, hazina pa kwenda. Juzi yameshushwa marobota ya pamba ya kufumia kanda za zipu, kusoma maandishi, ni ya kwetu. Nikalia mbele za watu.

Sikiliza. Nilipokuwa darasa la pili, mara nimekonda, mara nimenenepa, si ulinishonea sketi ya kufunga kwa kamba ubavuni? Kamba haihitaji kupita mpakani.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mia mbili! Zimeisha zote, usiku mmoja kabla ya siku yenyewe. Mwalimu mkuu akakunja uso, eti hii ni sketi au mfuko wa unga? Wazazi wakamvaa: mtoto akinenepa unalegeza tu, hununui nyingine. Akanywea.

Watu wameziita "Tunafunga". Shule tatu zimeleta oda, na bwana mmoja wa forodha, wale wale waliofunga geti, kaja kumchukulia mkewe moja, haoni hata aibu! Nimecheka mpaka nimejichoma sindano. Waziri naye kaomba radhi, geti limefunguliwa, zipu zimerudi madukani. Nani anazitaka?

Niandikie upesi.

Mama yako

14 Aprili

Shikamoo Mama,

Samahani kwa ukimya. Zipu zimekosa wanunuzi, kiwanda kimepunguza watu, mimi wa kwanza. Msimamizi aliniuliza kama namjua huyo fundi wa kwetu anayewafundisha watu kuvaa kamba. Nikasema simjui. Mungu anisamehe, kicheko kilinitokea puani.

Usinihurumie. Niliondoka kwa sababu karakana haikuweza kutulisha wawili, na miaka minne yote nilikuandikia sijambo. Nilikuwa nimechoka, Mama. Nilipoambiwa sina kazi nilihisi nimeruhusiwa.

Nafika Jumamosi asubuhi, na sirudi tena huku.

Mwanao