Karatasi ya Kocha Kaseba

Likasi, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Deo,

Kosa la watu wengi, na mimi nimo, ni kudhani kwamba kocha asiyepiga kelele hana hasira. Tunamwona amekunja mikono kando ya uwanja, tunasema huyu moyo wake ni maji ya mtungi. Nimeanza na hilo hata kabla ya salamu, unisamehe. Ujumbe wako wa sauti haujanitoka kichwani tangu jana, na unajua nilivyo nikipata jambo la kueleza.

Sasa nisalimu kama mtu aliyelelewa. Mmeamkaje huko Kalemie? Magoti ya Mama yanasemaje siku hizi upepo wa ziwa unapovuma? Yule mtu aliyekuja na mfuko wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alitufikia salama, nao hawakumaliza wiki, maana mke wangu aliwagawia majirani wa mstari wetu wote hapa Shituru. Sisi tuko. Umeme unakuja na kuondoka upendavyo, maji tunachota alfajiri kabla bomba halijakauka, na malori ya madini yanatupaka vumbi hadi kwenye sufuria. Kifua changu kinalalamika kidogo, lakini bado napanda kile kilima cha kanisa bila kusimama zaidi ya mara moja.

Tuje kwa swali lako. Umesema Jumapili ni fainali, kifundo cha mguu cha mwanao Fiston kimevimba, muuguzi ametaka apumzike wiki tatu, mwenyewe anasema anaweza. Wewe, kocha wake na baba yake, unafikiria kukifunga bandeji na kumwingiza. Ukamalizia: "Kaka, nikimwacha nje watu watanila mzima." Mwezi mmoja nyuma nisingekuwa na jibu. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na mpira naujua kwa macho tu. Lakini kuna mtu hapa nimekuwa nikimchunguza, na Jumapili iliyopita nilimwelewa.

Ni jirani yangu, Papa Kaseba, fundi wa pampu kiwandani. Jioni anafundisha timu ya parokia yetu. Jambo lililonivutia kwake ni kwamba kila baada ya mechi mbili tatu anaketisha benchi mchezaji wake mzuri kuliko wote, na watu wanapomrushia maneno hajibu. Nilitaka kujua mtu wa namna hiyo ameumbwa kwa kitu gani. Kwa hiyo nikaanza kwenda mazoezini na kiti changu cha kukunja, kama mwanafunzi. Siku moja nikamuuliza kwa nini anawapumzisha watu wenye afya njema. Akanijibu kwa mambo ya kazi yake. Kiwandani, alisema, pampu huwekwa mbili mbili. Moja ikifanya kazi, nyingine imelala. Fundi mbaya anasubiri mpaka ipige kelele ndipo aizime. Fundi mzuri anaizima ingali inanguruma vizuri, na hakuna anayesema pampu iliyolala imeadhibiwa.

Jibu lilinipendeza, nikaliandika. Lakini halikuwa jibu lote, kama utakavyoona.

Wiki mbili zilizopita Kazadi, kijana anayecheza katikati, alifiwa na mama yake. Kilio cha huku unakijua: watu hawaji kutoa pole na kurudi kwao, wanalala hapo hapo nje, chini, kwenye mkeka, mpaka siku ya kuondoa msiba. Kazadi alilala chini siku nne, na rafiki yake Ngoy, mfungaji wetu wa mabao, alilala naye, kwa sababu mtu hamwachi rafiki yake peke yake kwenye kilio. Papa Kaseba mwenyewe alikuja kila jioni, akaketi na wazee. Hakumkataza mtu. Kilio kiliisha Jumanne. Jumapili yake tulikuwa na nusu fainali dhidi ya vijana wa Mulungwishi.

Hapo mtaa mzima ukafanya kosa ambalo, nadhani, sisi tu wa vilio virefu tunaweza kulifanya. Kila mtu alisema hii ni mechi ya marehemu. Kazadi na Ngoy wamemlilia mama, sasa watamchezea mama. Atakayewanyima uwanja amemnyima marehemu heshima yake. Mke wangu pia alisema hivyo, tena kwa uchungu, maana yeye na marehemu walikuwa wakiimba kwaya moja. Mimi niliona ni maneno mazuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza migongo ya hao vijana ikoje baada ya siku nne za kulala chini na chai bila usingizi.

Jumatano jioni, mazoezi yalipokwisha, Papa Kaseba alikuja kwenye kiti changu na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Papa Mwalimu, nichungie hii. Ni majina ya batu bawili benye hawatacheza dimanche na Mulungwishi. Usinirudishie mpaka lundi."

"Kwa nini usiitunze mwenyewe mpaka Jumatatu?"

Akacheka kidogo. "Weye unazani minye niko mupole?"

"Watu wote wanasema hivyo."

"Batu banaangalia uso. Minye dimanche, kama batu banaanza kulalamika na tunafungwa, siko mutu wa kuaminia. Njo maana ninachaguaka mercredi, siku kama leo, wakati kichwa kiko baridi."

Kisha akanisimulia jambo ambalo hawasimulii watu. Zamani, alipoanza kufundisha, mdogo wake wa tumbo moja alikuwa mchezaji wake. Goti lilimuuma wiki nzima. Siku ya mechi watazamaji walimtukana Kaseba, wakamwita mwoga, naye akamwingiza mdogo wake dakika za mwisho. Walishinda. Huyo mdogo ndiye yule mshonaji viatu wa sokoni, anayekaa mguu mmoja umenyooka mbele yake kama mwiko. Nimempelekea viatu vyangu miaka mingi, Deo, sikuwahi kumuuliza aliupataje huo mguu.

"Mpaka leo ananishonea viatu bure," Papa Kaseba alisema. "Anakatala hata nikimulipa."

Jumapili uwanja ulijaa. Kazadi na Ngoy waliketi benchi wakiwa wamevaa kofia za msiba. Mulungwishi walifunga bao kabla ya mapumziko, na baada ya hapo masikio yangu hayakupumzika.

"Kocha, unachunga Ngoy mu frigo? Atageuka barafu!"

"Hapana, anamungojesha Noeli!"

"Mama ya Kazadi iko anaangalia, weye unamunyima mutoto wake mpira! Huna haya?"

Huyo wa mwisho alikuwa mwanamke wa kwaya, na watu walimpigia makofi. Papa Kaseba hakugeuka. Alisimama mikono imekunjwa, mpole kama siku zote. Kumbe ndivyo anavyoonekana akiwa anachemka. Zilipobaki kama dakika ishirini aliacha mstari wake, akaja taratibu hadi kwenye kiti changu, akainama. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, ya adabu kabisa, na ndipo nilipoogopa.

"Papa Mwalimu. Lete ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Usinicheze. Lete. Nitapasula, ninaingiza Ngoy, mambo inaisha."

Sasa nikueleze ukweli, mdogo wangu, maana barua ya uongo haina faida. Nilitaka kumpa. Nilikuwa nataka bao kama watu wote, na nilikuwa nimechoka kusikia matusi yakipita juu ya kichwa changu. Nilitia mkono mfukoni. Vidole vyangu viliishika. Nikageuka kuwatazama wale wawili, nipate kumwona Ngoy akijinyoosha tayari kuingia, na nikamkuta amelala. Amelala usingizi wa kweli, Deo, katika kelele zile zote, kichwa juu ya bega la Kazadi, mdomo wazi. Kazadi alikuwa amekaa wima bila kujisogeza ili asimwamshe.

Nilimwonyesha Papa Kaseba kwa kidevu.

Alitazama muda mrefu kuliko kocha anavyoruhusiwa kutazama benchi wakati timu yake inafungwa. Kisha akasema, "Yoo," kama mtu aliyekanyaga mwiba, akarudi kwenye mstari wake. Hakumwingiza yeyote kati yao. Tulifungwa moja kwa sifuri, na nusu fainali ikaishia hapo.

Usifikiri watu walielewa. Walimsindikiza hadi nyumbani kwake wakiimba jina la Ngoy. Kamati ya timu imekutana mara mbili na bado haijaamua kama atabaki. Kazadi hajamsemesha mpaka leo, ingawa jana alikuja mazoezini, akakimbia mizunguko yake yote, akaondoka. Mke wangu alininunia siku mbili aliposikia karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Siku ya tatu akaniuliza, "Ni kweli Ngoy alikuwa amelala?" Nikamwambia ni kweli. Akaendelea kumenya mihogo, halafu akasema angemfinya yule mwanamke wa kwaya. Sikumkumbusha kwamba wote wawili walisema neno lile lile.

Jumatatu nilimrudishia Papa Kaseba karatasi yake kama tulivyoagana. Nilimuuliza, maana bado nataka kujua, kama anajuta. "Kufungwa kunaniuma," alisema. "Lakini leo asubui nilipita sokoni, nikamusalimia mudogo yangu, na sikuangalia chini." Hilo tu. Nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu hapo. Nilikuwa nikidhani upole wake ni zawadi aliyozaliwa nayo, kama wengine wanavyozaliwa na sauti nzuri. Sasa naona ni kazi anayoifanya Jumatano kwa sababu ya mtu anayemjua vizuri: yeye mwenyewe wa Jumapili.

Wewe nami tunamjua Deo wa Jumapili. Nilikuwepo siku ulipomtupia mwamuzi kiatu chako, tena cha kulia, ukarudi nyumbani umevaa cha kushoto. Sisemi nikucheke. Nasema ukifika uwanjani uamuzi ukiwa bado mkononi mwako, watu wakianza kukuita mwoga, utaifunga ile bandeji mwenyewe, na utamwambia Fiston ni dakika kumi tu. Ana miaka kumi na tisa, atakubali. Mtoto gani atamkatalia baba yake mbele ya watu? Mnaweza hata kushinda. Huyo mshonaji viatu alishinda.

Mfikishie Mama salamu zangu kwa kumshika mikono yote miwili, si kwa kumpigia kelele kutoka mlangoni. Msalimie shemeji, mwambie kitenge alichomtumia mke wangu ndicho anachovaa Jumapili. Dada yetu mkubwa wa kule bandarini, mwambie nimepata dawa yake ya mgongo, nitampa mtu wa gari moshi. Mzee wa parokia aliyenibatiza, kama bado anatambua watu, mtajie jina langu. Na Fiston mwambie baba yake mkubwa anataka awe bado anakimbia kwa miguu miwili siku atakaponizika.

Mke wangu atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia kwa simu sasa hivi, maana posta ingekufikishia mechi ikiwa imekwisha. Barua yenyewe utaikuta kwangu ukija.

Ni mimi kaka yako,
Leonardi

Leo ni Jumatano: andika jina la Fiston kwenye karatasi, ikunje, mpe Mama aifunge kwenye pindo la kitenge chake, na umwambie asikurudishie mpaka Jumatatu.