Kibla cha Mgeni wa Porini

Kwihara, 12 Agosti 1973

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Ile barua niliyokuandikia kwamba Baba hataki kula, ichane. Huku sote wazima, karanga za shamba la ujamaa zimekubali, na Mwanne kajifungua mapacha.

Juzi yule mama wa Kizungu alifika kweli, pamoja na Tobias wa seminari ya Kipalapala aliyekuja kumtafsiria. Ni dada wa yule askari wa ndege ya mabomu iliyoanguka porini wakati wa vita vya pili, yeye na wenzake wakijifunza kuruka usiku. Maiti za wenzake jeshi lilizichukua. Yake ilionekana baadaye, na Baba ndiye aliyemzika.

Unaijua hofu ya Baba. Hakujua dini ya maiti, akafanya anayoyajua: akamwosha, akamkafini kwa sanda aliyojiwekea Babu, akamlaza kwa ubavu wa kulia kuelekea Kibla. Miaka yote anasema huenda alimdhulumu mtoto wa watu. Aliposikia dada mtu anakuja, chakula kikamshinda.

Basi akaeleza yote. Yule mama wa Kizungu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kibla ni upande gani?"

Baba akanyoosha fimbo kaskazini.

Yule mama akatazama huko, machozi yakimlengalenga, kisha akacheka. "Mwambieni mzee, hata nyumbani kwetu ni huko huko."

Jioni Baba alikula ugali, akaongeza, halafu akanigombeza kwamba mboga haina chumvi. Kaka, nilitamani anigombeze mpaka asubuhi.

Mdogo wako asiyejua kupika,
Kuluthumu