Kinyozi Anaruka kwa Ajili Yangu

Shangazi mpendwa, naomba unitegee sikio, maana mambo yangu ndiyo yaliyonileta kwako.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, baba wa watoto wawili, na kila Jumapili mchana karakana ikishafungwa tunasukuma mabomba pembeni tunapiga roki, roki nzito ya kupasua spika, nyimbo zetu tulizotunga wenyewe, hatuigi wimbo wa mtu hata tukiombwa harusini, ndiyo maana hatuombwi harusini. Mimi napiga dramu, shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu, anapiga gitaa la besi, Kinyozi wa mtaa wa pili anapiga gitaa la solo, na anayeimba ni Mwalimu wa chekechea, mama mpole kweli, lakini ukimsikia Jumapili utafikiria mara mbili kumpelekea mtoto Jumatatu.

Sasa Shangazi, masikio yangu yamekuwa yakififia, miaka yote hii ya nyundo na mashine ya kukatia vyuma na bado matoazi, nikawa najikaza tu, nikiitwa mara mbili nasema nilikuwa na mawazo, televisheni naongeza sauti mpaka jirani anasikiliza taarifa ya habari kwake bila kuwasha ya kwake, lakini kwenye bendi nilijiona niko sawa kabisa, sikosei pa kuingia, sikosei pa kusimama, nikajisemea dramu zimeshaniingia kwenye damu, masikio ya nini.

Juzi binti yangu akaturekodi video mazoezini kwa simu, kesho yake nikaiangalia karakanani, sauti sikuipata vizuri nikabaki kutazama picha tu, na hapo ndipo macho yaliponitoka. Shemeji mwanzo mpaka mwisho kaweka mguu kwenye jukwaa la mbao lililobeba dramu zangu, anagonga mapigo kwa kisigino, na mimi ule mtetemo siku zote nilidhani ni besi. Mwalimu kila kinapokaribia kiitikio anageuka, ananikazia macho, anashusha mkono, na mimi nilidhani ni madoido ya jukwaani. Na Kinyozi, jamani Kinyozi! Mtu wa aibu, magoti yamechoka kwa kusimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu, siku hizi kila akimaliza solo yake anaruka juu, tena nilishamtania mbele za watu, "Mzee mwenzangu, mbona unarukaruka kama mbuzi, umri si umekwenda huo?" naye akacheka tu huku anayasugua magoti. Kumbe anaruka ili mimi nione kwamba hapa ndipo pa kuingia! Nilikaa juu ya rundo la mabomba, Shangazi, nikalia kama mtoto.

Nilipomwonyesha mke wangu hata hakushtuka, akaniambia, "Baba nanihii, wewe tu ndiye ulikuwa hujui." Ndipo nikaukumbuka na wimbo wetu mpya, Mwalimu kautunga uanze na dramu peke yake, nikavimba kichwa wiki nzima nikijua nimepewa heshima, kumbe walitaka nisihitaji kumsikia mtu wa kunianzishia.

Nawashukuru mpaka maneno yananiishia, hawajawahi kunisema, hawajawahi kunitazama vibaya, wamenibeba na mimi nikadhani natembea. Lakini tumepata nafasi ya kupiga kwenye ukumbi mkubwa, mara ya kwanza mbele ya watu wasiotujua, na sitaki kuwaharibia, kwa hiyo nimeamua nijitoe kimyakimya, niseme kazi zimenizidi, wapate mpiga dramu mwenye masikio mazima, hiyo ndiyo iwe asante yangu kwao. Mke wangu amenuna. Je, Shangazi, nakosea?

Fundi Geti

*

Fundi Geti, pole kwa masikio, na hongera kwa watu ulionao. Mimi nina ndugu wa tumbo moja ambao hata kiti hawajawahi kunisogezea, sembuse kuruka juu kwa ajili yangu na magoti mabovu. Barua yako imenitoa machozi. Sasa nimeyafuta, nikugombeze.

Unakosea, tena sana. Tangu lini mtu akashukuru kwa uongo? Watu wamejipinda kwa ajili yako bila hata kukuomba asante, wewe unataka kuwalipa kwa kisingizio cha mageti! Halafu hiyo karakana si yako? Ukijitoa, hao wenzio wakapige wapi, saluni kwa Kinyozi, wamekanyaga nywele? Hata hilo hukuliwaza. Mkeo ana haki ya kununa, na mwambie nimemruhusu aendelee mpaka urudi na majibu ya daktari.

Ndiyo, daktari. Wiki hii, si baada ya onyesho. Yapimwe masikio yote mawili, na kama kuna kifaa cha kukusaidia kusikia, ukivae bila kuona haya. Hicho kidogo kilichobaki kilinde, ziba masikio ukikata vyuma na ukipiga dramu. Nawajua mafundi nyie, hata miwani ya kazi mnaivaa kwenye paji la uso.

Jumapili, kabla hamjawasha spika, waambie: "Nimeona mnachonifanyia. Asanteni." Usihutubie, utalia tena. Ukishasema, mambo yatakuwa mepesi kwenu wote, maana na wao wamechoka kuigiza. Waeleze sehemu zinazokupotea, mkubaliane alama zilizo wazi. Kinyozi umwombe radhi kwa ule utani wa mbuzi, na umwambie kuinua shingo ya gitaa kunatosha, magoti yapumzike. Akiendelea kuruka, mwache, atakuwa amenogewa.

Nimalizie na huo wimbo mpya, maana umeuelewa nusu. Mimi roki siijui, nikiisikia nafunga dirisha. Lakini watu wanaokuvumilia tu wangekuficha katikati ya kelele, ukikosea asijue mtu. Hawa wamekutungia wimbo ambao usipopiga wewe, hauanzi. Siku hiyo watakuwa mbele ya ukumbi mzima, vidole viko kwenye nyuzi, Mwalimu ameshika kipaza sauti, wote kimya wamekugeukia wewe. Usiwaache wamesimama pale.