Kona ya Kwanza Kwenye Theluji

Bavaria, Ujerumani, 14 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Soni na baridi yake? Mimi mzima, na wazee ninaowahudumia huku wamenizoea.

Jumamosi wenzangu wa kazini walinipeleka mlimani kujifunza kuteleza kwenye theluji. Mama, mlima mzima mweupe! Unafungiwa vibao virefu miguuni, unashuka. Mwalimu akauliza, "Nani amewahi kutumia viatu vya magurudumu?" Nikanyoosha mkono peke yangu. "Basi kunja magoti, egemea mguu wa nje, tazama unakokwenda." Vilevile kama nilivyokuwa nikifanya kwenye lami hapo nyumbani! Nikakata kona ya kwanza, nikakata ya pili, wenzangu wote wameanguka. Kusimama tu ndiko kulikonishinda: nilitafuta breki ya kisigino kama ya viatu vyangu, haipo, nikala theluji.

Mwezi ujao tunapanda kileleni.

Binti yako,
Yusta

Soni, 16 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, karoti zimekubali. Mdogo wako Raheli amenisomea barua yako kwenye simu, nikamwambia arudie.

Baba yako aliteleza kwenye tope njia ya Mlola, tukamtoa korongoni ameshakata roho. Wewe unateleza kwa kupenda? Usipande huko. Nimesema.

Mama yako

Soni, 3 Machi 2025

Mwanangu,

Hujambo? Wiki sita kimya. Najua umepanda, unaogopa kuniambia.

Jana nilivitoa viatu vyako vya magurudumu, nikavivaa kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, Raheli kanishika kiuno. "Mama, kunja magoti!" Nikaegemea mguu wa nje kama ulivyoandika. Yusta, mwili uligeuka wenyewe! Mimi, miaka hamsini na minne! Nikamwambia Raheli aniachie, nirudie. Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unakiona.

Kama hujapanda, panda.

Mama yako

Bavaria, 9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kimya changu. Sikuwa nimepanda. Nilikutii, ila nilikasirika.

Jana nilipanda. Mawingu yalikuwa chini yetu, na juu ya mawingu vilele vingine, vingi, hadi macho yakashindwa. Nikashuka kona baada ya kona, bila kuanguka, mpaka chini kabisa. Mwalimu akaniuliza mbona nalia. Kijerumani chote kilinitoka, Mama. Nikamjibu kwa Kishambaa.

Binti yako,
Yusta