Kitanda Kisichobebeka

Kwako shemeji,

Salamu. Huku tu wazima, na cherehani yangu haipumziki.

Ulipokuja kubeba kitanda cha marehemu kaka yako, ulisema unampelekea mama yenu. Nikakuachia. Sasa nimetengeneza kingine, kwa mikono hii hii uliyosema haijui ila sindano. Nimekishikiza ukutani kwa bawaba na bolti ndefu. Asubuhi nakipandisha na kukifunga kwa komeo, napata nafasi ya kushona, jioni nakishusha. Mara ya kwanza kilianguka kwa kishindo hadi jirani akaja kunipa pole. Nimekitia kamba, siku hizi kinashuka kwa adabu.

Ukikitaka na hiki, karibu, ila uje na gari la kubebea ukuta.

Mama yuko kwangu tangu Jumapili. Kumbe kitanda kile mnakilalia wewe na mkeo, yeye mlimtandikia mkeka jikoni. Magoti yamemvimba. Usije kumchukua, akitaka kurudi atasema mwenyewe.

Nimemuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Amejinyoosha kitandani, akageukia ukutani, akasema, "Mwambie nimelala."

Ni mimi, mke wa kaka yako, hata sasa.